Karatasi tatu, namba tatu: ipi ndiyo testosteroni yangu?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 46, ni mtumishi wa umma, nilihamia Dodoma mwaka 2019 na naishi Ilazo. Tangu mwaka jana nachoka mno, nasinzia kwenye vikao baada ya chakula cha mchana, na hamu ya tendo la ndoa imepungua. Mwezi wa tano nilipima testosteroni, ile homoni ya kiume, saa 10 jioni nikitoka kazini Mtumba, ikaja 228. Mwezi wa sita nikapima maabara nyingine, saa 2 asubuhi, ikaja 3.1. Yaani imeporomoka kutoka 228 hadi 3.1 kwa mwezi mmoja! Siku hiyohiyo wakapima na testosteroni huru, ikaja 7.8, wakati mtandaoni nimesoma inatakiwa 50 hadi 200. Daktari mmoja kaniambia niko kawaida. Muuza dawa mmoja kasema homoni zangu ni za mzee wa miaka 90, na yuko tayari kunichoma sindano ya 250 kila wiki mbili. Nina kilo 104, urefu sentimita 170. Tuna mtoto mmoja na mke wangu anataka wa pili, ingawa kwa sasa amehamia chumba cha mtoto kwa sababu ya kukoroma kwangu. Niamini karatasi ipi? Nichome?

JIBU: Mbukwa, ndugu yangu. Nianzie mwisho: usichome, walau si kwa karatasi hizi tatu. Nitakueleza kwa urefu, maana napokea wengi wenye bahasha kama yako, na baadhi yao huja wakiwa wameshachomwa tayari. Wa namna hiyo ni kazi kuwapima, kwa sababu sindano ikishaingia, majibu ya damu yanasoma ile sindano, hayamsomi tena mwenye mwili.

Tuondoe kwanza lile lililokunyima usingizi. Testosteroni yako haijaporomoka kutoka 228 hadi 3.1. Imepanda. Zitoe karatasi zako uangalie herufi ndogo zilizoandikwa mbele ya namba. Ya kwanza itakuwa ng/dL, nanogramu kwa desilita. Ya pili itakuwa ng/mL, nanogramu kwa mililita. Desilita moja ina mililita 100, kwa hiyo 3.1 yako ni 310 kwa kipimo cha maabara ya kwanza. Ni kama kupimiwa mahindi Kibaigwa leo kwa debe na kesho kwa gunia, halafu ukarudi nyumbani unalia kwamba mavuno yamepungua.

Ziko na maabara zinazotumia nmol/L, nanomoli kwa lita. Ukitaka kutoka ng/dL kwenda huko, gawa kwa 28.84. Basi 228 inakuwa 7.9, na 310 inakuwa 10.7. Nitatumia nanomoli kuanzia hapa ili tusichanganyane.

Sasa mbona jioni ulikuwa na 7.9 na asubuhi 10.7? Homoni hii hupanda usiku ukiwa usingizini, hufika juu kabisa alfajiri na asubuhi, kisha hushuka kadiri mchana unavyokwenda. Chakula nacho kinaishusha: mtu akinywa glukosi ile ya kipimo cha kisukari, testosteroni yake hupungua kwa kama robo na hukaa chini kwa saa moja au mbili. Wewe ulitoa damu saa 10 jioni, baada ya kutwa nzima ya kazi na sahani yako ya mchana ikiwa bado tumboni. Karatasi hiyo wape wauza karanga wafungie. Kipimo cha kuaminika hutolewa kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla hujala, baada ya usiku uliolala, tena siku mbili tofauti. Na usipime ukiwa unaumwa au ndiyo kwanza umetoka kuumwa. Malaria kali, homa ya mapafu, hata upasuaji, vyote huiangusha testosteroni kwa muda, nayo hurudi yenyewe.

Kwa hiyo tunabaki na 10.7 ya asubuhi, na hapa ndipo madaktari wako wawili (namhesabu na muuza dawa kwa leo) walipogongana. Chama cha Marekani cha wataalamu wa homoni kinatumia kiwango cha 264 hadi 916 ng/dL, kilichopatikana kwa vijana wa miaka 19 hadi 39, wenye afya na wasio wanene, waliopimwa Marekani na Ulaya, si Chamwino. Kwa kiwango hicho umo ndani. Madaktari wa Marekani wa njia ya mkojo wameweka mstari kwenye 300 ng/dL, nako umepita kwa pointi 10. Wenzao wa Ulaya wameuweka kwenye nanomoli 12, nako umekwama. Chini ya 8, watu wengi hukubaliana kwamba upungufu upo. Kati ya 8 na 12 ni eneo la mabishano, na wewe umekaa katikati yake. Aliyekuambia uko kawaida hakusema uongo. Alisoma mstari mmoja akafunga faili.

Mtu aliye katika eneo hilo haamuliwi kwa testosteroni jumla peke yake. Lazima tujue kiasi gani cha hiyo jumla kinaweza kufanya kazi.

Mchukue mkulima wa Kongwa aliyevuna vizuri. Nusu ya mahindi yake ameipeleka ghala la ushirika, kapewa stakabadhi. Ni mahindi yake, jina lake limeandikwa, lakini watoto wakilia njaa usiku wa leo stakabadhi haipikiki. Sehemu nyingine imo kwenye kihenge nyuma ya nyumba: ni kuinuka, kuchota na kwenda mashineni. Na jikoni kuna bakuli moja la unga. Ugali wa usiku huu unatoka kwenye bakuli hilo.

Testosteroni ndani ya damu imegawanyika vivyo hivyo. Nusu yake hivi, kwa wengine zaidi au pungufu kidogo, imeshikwa na protini inayotengenezwa na ini iitwayo globulini ya kubeba homoni za jinsi. Jina ni refu, hivyo tuliite SHBG kama linavyoandikwa kwenye fomu za maabara. Hiyo inashika kwa nguvu na haiachii ovyo: ndilo ghala la ushirika. Karibu yote iliyobaki imeshikwa na albumini, ambayo mkono wake ni mlegevu: ndiyo kihenge. Iliyo huru kabisa, isiyoshikwa na chochote, ni asilimia 1 hadi 3 tu. Huo ndio unga wa jikoni, na ndiyo inayoingia kwenye misuli, kwenye mifupa na kwenye ubongo kufanya kazi yake. Wapo wataalamu wanaobisha kwamba mambo si mepesi kiasi hicho, na kwamba hata iliyobebwa na SHBG ina njia zake. Mimi nimewasoma, lakini mgonjwa akiwa mbele yangu bado mahesabu ya unga na ghala ndiyo yanayonisaidia zaidi.

Kipimo cha testosteroni jumla kinahesabu mahindi yote: ya ghalani, ya kihenge na ya jikoni. Hakikuambii ghala ni kubwa kiasi gani. Na ukubwa wa ghala hutofautiana sana kati ya mtu na mtu.

Kitambi huishusha SHBG. Kisukari cha ukubwani huishusha. Tezi ya shingo ikizubaa, SHBG hushuka. Vidonge vya prednisoloni vya muda mrefu huishusha, na sindano za testosteroni zenyewe huishusha pia. Kwa upande mwingine, umri huipandisha pole pole. Ini lililokakamaa huipandisha, homa ya ini huipandisha, tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huipandisha, vivyo hivyo maambukizi ya VVU na baadhi ya dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini.

Nikupe mfano wa namba uone jinsi mambo yanavyogeuka. Wewe una testosteroni jumla ya 10.7. Tuseme albumini yako ni ya kawaida, gramu 43 kwa lita. Kama SHBG yako ni 14, ambayo ni ya chini na si ajabu kwa mtu wa kilo zako, hesabu inatoa testosteroni huru ya kama pikomoli 314 kwa lita. Miongozo ya Ulaya huanza kutilia shaka chini ya 225. Yaani una unga wa kutosha. Ghala lako tu ndilo dogo. Lakini jumla hiyohiyo ya 10.7, kwa mtu ambaye SHBG yake ni 50, inatoa huru ya kama 161. Huyo ana upungufu. Karatasi zao zote mbili zinasoma 10.7, mmoja mzima, mwingine mgonjwa.

Kinyume chake nacho kipo, nacho ndicho kinachopita kimya kimya. Fikiria mzee aliyemeza dawa za kifafa miaka mingi, jumla yake 18, namba nzuri ya kujivunia, kila mtu anamwambia "mzee uko imara". SHBG yake ikiwa 95, testosteroni huru inakuwa kama 172. Ghala limejaa hadi darini, jikoni wanakung'uta bakuli. Mtu kama huyo anaweza kuzunguka hospitali miaka mitatu akiambiwa ni uzee.

Hesabu hizi si za kichwani. Zinatokana na kanuni iliyochapishwa mwaka 1999 na Vermeulen na wenzake wa Ubelgiji, na vikokotoo vyake viko mtandaoni bure: unaingiza jumla, SHBG na albumini, kinakupa huru. Angalia tu vizio unavyoingiza, maana ukiweka 310 mahali pa 10.7 utapata jibu la fahali.

Sasa turudi kwenye ile 7.8 yako, maana naona ndiyo iliyokufikisha dirishani kwa muuza dawa. Kizio chake ni pg/mL, pikogramu kwa mililita. Mtandaoni umeona 50 hadi 200, ukahesabu kwamba umebakiwa na vumbi. Hebu tufanye hesabu moja ya shule ya msingi. Testosteroni jumla yako siku ile ilikuwa nanogramu 3.1, sawa na pikogramu 3,100. Gawa 7.8 kwa 3,100. Unapata asilimia 0.25. Nimekuambia huru ni asilimia 1 hadi 3 ya jumla. Kwa binadamu wa kawaida haishuki hadi robo ya asilimia moja. Kwa hiyo aliyekosea si mwili wako. Ni kipimo.

Kuna njia mbili kubwa za kupima testosteroni huru moja kwa moja. Ya kwanza ni kuiacha ile iliyo huru ipenye kwenye utando mwembamba, iliyoshikwa na protini ibaki upande wa pili, kisha unapima iliyopenya. Ndiyo njia inayoheshimika, ni ghali, inachukua muda, na ndiyo yenye viwango vya 50 hadi 200 ulivyoviona. Ya pili ni kipimo cha haraka kinachopima huru moja kwa moja bila kuitenganisha. Hiyo ya pili hutoa namba ndogo ndogo, viwango vyake vyenyewe huishia kwenye ishirini na kitu, na wataalamu wa homoni wamesema kwa miaka mingi isitumike. Damu yako imepimwa kwa njia ya pili, ukailinganisha na viwango vya njia ya kwanza. Angalia safu ya viwango kwenye karatasi hiyohiyo, kulia kwa 7.8. Sitashangaa ukikuta imo ndani. Hata ikiwa imo ndani, mimi sitaitegemea. Afadhali jumla iliyopimwa vizuri, na SHBG, kisha kikokotoo.

Kwa hiyo nenda ukapime upya. Hapa mjini anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au ya Benjamin Mkapa, au maabara binafsi unayoiamini, lakini kabla hujatoa damu uliza mambo mawili: SHBG wanapima hapohapo au sampuli inasafirishwa, na majibu yatakuja kwa kizio gani. Tumia maabara moja kwa vipimo vyote viwili. Fika saa 1 asubuhi hujala kitu, maji kunywa. Kama unameza vile vidonge vya kukuza nywele na kucha vyenye bayotini nyingi, acha siku chache kabla, maana huchanganya mashine nyingi za homoni.

Waambie wapime jumla, SHBG na albumini. Wapime na LH na FSH. Hizo mbili ni sauti ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ikiziamuru korodani zifanye kazi. Testosteroni ikiwa chini na LH iko juu, maana yake bosi anapiga kelele na wafanyakazi hawaamki: tatizo liko kwenye korodani, labda matubwitubwi ya ukubwani yaliyozishambulia, labda ajali, labda kromosomu X ya ziada ambayo mtu amezaliwa nayo bila kujua. Testosteroni ikiwa chini na LH nayo iko chini au ya kawaida, basi bosi mwenyewe ndiye amelala. Hapo tunatafuta uvimbe kwenye tezi, tunapima prolaktini, homoni nyingine ya tezi hiyo, na tunauliza dawa. Hapa lazima niulize bila aibu kuhusu tramadoli na dawa nyingine za maumivu za kundi lake, kwa sababu vijana wengi wanazimeza ili wakeshe kazini na hawajui kwamba zinamnyamazisha yule bosi. Unene mkubwa nao unamnyamazisha, ingawa kwa kawaida si kabisa.

Ongeza sukari ya damu, HbA1c (wastani wa sukari wa miezi kama mitatu), tezi ya shingo na picha nzima ya damu. Kipimo cha VVU pia, kama hujapima karibuni. Umesema hamu imepungua. Hukusema kama uume unashindwa kusimama. Ni mambo mawili. Kusimama ni kazi ya mishipa ya damu na fahamu zaidi kuliko ya homoni, na kwa mtu wa umri wako shida hiyo mara nyingi ni kisukari au presha ikibisha hodi kabla haijajulikana. Ndiyo maana siwapendi wauza vumbi la Kongo: si kwa sababu halifanyi kitu, ila unga huo ukifanya kazi nusu saa baadaye una kila sababu ya kushuku kuna mtu amesagia humo kidonge cha famasia. Mwenye kisukari anapewa siku njema tatu, na kisukari chake kinaendelea kumla.

Kuhusu sindano yenyewe. Mwili wa mwanaume mzima hutengeneza takriban miligramu 6 za testosteroni kwa siku. Ni kitu kidogo mno. Mwaka 1935 huko Amsterdam, Ernst Laqueur na wenzake walipoitenga kwa mara ya kwanza, walitumia kilo 100 za korodani za fahali wakapata miligramu 10. Hebu piga picha mnada wa Msalato: pikapu nzima ya makende, na mwisho wa kazi unabaki na chembe isiyojaza ncha ya kijiko. Sasa ampuli ya 250 aliyokuahidi muuza dawa, ukiondoa ule mkia wa kemikali unaoifanya iyeyuke polepole, ina testosteroni kama miligramu 180. Kwa wiki mbili mwili wako ungetengeneza kama 84. Anataka kukupa mara mbili ya anachotengeneza mwanaume mzima, bila kujua kama umepungukiwa. Miongozo, hata kwa mgonjwa aliyethibitika, huanzia miligramu 150 hadi 200 kila wiki mbili, au nusu yake kila wiki.

Na hilo bado si kubwa. Kubwa ni mtoto wa pili.

Testosteroni ikiingia kutoka nje, ubongo huona imetosha. LH na FSH zinashuka hadi karibu na sifuri. Korodani, ambazo ndani yake huhitaji testosteroni nyingi kuliko iliyo kwenye damu ili zitengeneze mbegu, zinabaki bila amri. Mbegu zinapungua, kwa wengi hadi zinaisha kabisa. Si maneno ya kijiweni: Shirika la Afya Duniani liliwahi kufanya majaribio ya kuwachoma wanaume wazima miligramu 200 kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango, na ilifanya kazi. Ukiacha, mbegu kwa kawaida hurudi, lakini hesabu miezi sita hadi mwaka, na wengine zaidi. Naambiwa mara nyingi, "Lakini daktari, nilichoma ili niwe na nguvu za kupata mtoto." Mke anafuatiliwa kliniki miezi, anapigwa ultrasaundi, anamezeshwa dawa, na hakuna anayemuuliza mume kuhusu sindano ya kila wiki mbili. Mwanaume mwenye upungufu wa kweli anayetaka mtoto ana dawa nyingine, zinazomwamsha yule bosi badala ya kumlaza, na hizo huandikwa na mtaalamu.

Tuseme vipimo viwili vya asubuhi vimekuja vibaya, huru iko chini, dalili zipo, na habari za mtoto zimekwisha. Hapo tiba ni halali kabisa na huwa nawaandikia watu bila kusita. Ila ujue jinsi ya kuisoma. Ukiwa kwenye sindano ya wiki mbili, damu itolewe katikati, siku ya saba hivi. Ukitoa siku ya pili utakuta namba za juu ajabu na mtu atakupunguzia dozi. Ukitoa siku ya kumi na nne utakuta namba za chini na mwingine atakuongezea. Kwa sindano ndefu ya undekanoeti, ile ya kila wiki 10 hadi 14, pima kabla tu ya sindano inayofuata. Kwa jeli ya kupaka, saa 2 hadi 8 baada ya kupaka. Kumbuka pia nilisema sindano huishusha SHBG: ghala linapungua, kwa hiyo jumla inaweza kuonekana ya wastani wakati unga umefurika jikoni. Anayefukuzia jumla kubwa peke yake ataishia kuzidisha.

Damu nayo huwa nzito. Tunapima hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, kabla, tena miezi mitatu hadi sita baada ya kuanza, kisha kila mwaka, na ikizidi asilimia 54 tunasimamisha. Kwa kiangazi hiki cha Dodoma kunywa maji ya kutosha siku ya kipimo, usije ukasomeka mzito kwa sababu ya kiu. PSA ya tezi dume inapimwa pia; miongozo ya Marekani huanza miaka 55 kwa wengi lakini miaka 40 kwa walio kwenye hatari zaidi, na wanaume weusi wametajwa humo. Kuhusu moyo, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye hatari ya maradhi ya moyo, haukuona mshtuko wa moyo wala kiharusi kuongezeka kuliko kwa waliopewa dawa bandia. Uliona mapigo yasiyo na mpangilio, damu iliyoganda mapafuni na majeraha ya figo yakizidi kidogo kwa waliopewa homoni. Hao walikuwa wakifuatiliwa kwa karibu miezi yote. Hawakuchomwa dirishani.

Nimeacha mwisho jambo uliloliandika kama utani. Mke wako amehamia chumba cha mtoto kwa sababu unakoroma. Una kilo 104 kwa sentimita 170, unasinzia kwenye vikao. Ningekuwa mtu wa kubashiri, ningeweka pesa yangu hapo kabla ya kuiweka kwenye testosteroni. Mafuta ya shingoni hufunga njia ya hewa mtu akilala, pumzi inakatika, ubongo unamshtua, anavuta hewa kwa kishindo, analala tena, mara nyingi kwa usiku mmoja bila kujua. Asubuhi anaamka kama aliyebeba mizigo. Usingizi uliokatika unaishusha testosteroni, kwa sababu nimekuambia hupanda mtu akiwa usingizini. Na ugonjwa huo ukiwa mkali na haujatibiwa, ni mojawapo ya sababu za kumnyima mtu sindano, maana inaweza kuuzidisha. Kilo zikipungua, njia ya hewa hufunguka, SHBG hupanda, na jumla hupanda nayo bila ampuli hata moja. Huko ndiko ningeanzia kwako.

Kwa hiyo usiku wa leo mwombe mke wako arudi chumbani, hata kwa saa moja. Ukishalala fofofo, akurekodi kwa simu dakika kumi, na ahesabu sekunde kila ukinyamaza ghafla katikati ya mkoromo. Njoo na rekodi hiyo pamoja na majibu ya SHBG. Nitaisikiliza rekodi kwanza.